Ritifaa ya ng’ombe na mwili wa ujumbe

Juzi niliandika tangazo la kikundi chetu cha wafugaji, nikalibana hadi likawa na herufi 150, na bado programu ya kutuma jumbe fupi (SMS) ikanionyesha kuwa nitatozwa jumbe tatu. Mkosaji alikuwa ritifaa ya “ng’ombe”, ile alama ndogo baada ya g, ambayo simu yangu ilikuwa imeipinda bila kuniuliza. Ujumbe mfupi una baiti 140: kwa alfabeti ya kawaida ya GSM (mfumo wa simu za mkononi), yenye biti 7 kwa herufi, hutosha herufi 160, lakini ritifaa iliyopinda haimo katika alfabeti hiyo, na herufi moja tu ya nje huulazimisha ujumbe mzima uandikwe kwa biti 16, zikabaki herufi 70, au 67 ujumbe unapogawanywa.

Hata hivyo, itifaki yenyewe, yaani kanuni za kutuma jumbe hizo, siilaumu. Kila ujumbe hubeba alama inayotaja namna herufi zake zilivyosimbwa, yaani zilivyogeuzwa kuwa biti, na kwa hiyo kitochi cha mzee wangu kilimsoma ng’ombe yuleyule.

Barua pepe ilichelewa kulipata hilo. Kabla ya MIME (kiwango cha muundo wa barua pepe), iliyochapishwa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed mwaka 1992, kanuni za barua pepe ziliuchukulia mwili wa barua kuwa maandishi ya ASCII tu, yaani herufi za msingi za Kiingereza. MIME iliongeza mistari ya kutaja aina ya maudhui, pamoja na utaratibu ninaouona bora kuliko yote: ujumbe uleule hufungwa kwa namna kadhaa, ya kawaida kabisa ikitangulia na ya kifahari ikiwa mwisho, na programu ya mpokeaji huchagua ya mwisho inayoielewa.

Utaratibu huo unahitajika zaidi sasa, kwa kuwa sheria ya Umoja wa Ulaya inaitaka WhatsApp ifungulie milango huduma nyingine za ujumbe. Ujumbe ukiwa umefungwa kwa usimbaji fiche, ili asomwe na mtumaji na mpokeaji pekee, seva ya katikati haiwezi kuufungua na kuutafsiri. Kwa hiyo muundo wa mwili lazima simu zote mbili ziuelewe, kazi ambayo kikundi cha MIMI cha IETF, shirika linalotunga viwango vya intaneti, kinaishughulikia.

Mfano ni alama ya kidole gumba ya kuupenda ujumbe, inapotumwa kwa simu isiyoielewa: wengi hucheka wanapoletewa sentensi nzima kwamba fulani “ameupenda” ujumbe wao, ikifuatiwa na ujumbe wenyewe kunukuliwa wote. Mimi naona afadhali hiyo kuliko kimya, ingawa ningetaka kidole gumba kisafiri na utambulisho wa ujumbe kinaoulenga, na ile sentensi ibaki kando kwa ajili ya kitochi.