Kutoa upepo kwenye klachi ya maji: ule wa mwisho unakaa juu

Wiki mbili zilizopita pikipiki yangu ilianza kuvuta yenyewe kwenye taa za Mwenge, nimeweka gia ya 1, klachi nimebana mpaka inagusa usukani na bado inataka kwenda, nyutro nayo haipatikani mpaka nizime injini. Asubuhi ikiwa imepoa ilikuwa inakubali kubali, ila ukikaa kwenye foleni dakika 20 na jua la saa saba juu yako basi klachi haikati kabisa. Hii ni V-Strom 1000 ya zamani, klachi yake haina waya kama za Boxer au TVS, inatumia maji yaleyale ya breki, ina pampu ya juu pale kwenye usukani na pampu ya chini upande wa kushoto jirani na sproketi ndogo. Fundi wangu wa mtaani aliniambia ukweli wake, "kaka za waya nakufungia hata usiku, hii ya maji sijawahi kuishika", na nilimheshimu sana kwa hilo. Nikaamua Jumapili naifanya mwenyewe uani.

Nilipofungua kikopo cha juu maji yalikuwa meusi kama kahawa ya kijiweni na chini kuna utope laini, wakati maji mapya yanatakiwa yaonekane kama mafuta ya kula. Miaka minne sijayabadilisha, na vitabu vya pikipiki nyingi vinasema kila miaka 2. Maji haya yananyonya unyevu wa hewani, na sisi Dar unyevu tunao mwaka mzima. DOT 4 (aina mojawapo ya maji ya breki) ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ila ikishakunywa unyevu kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 155, ni tofauti kubwa mno hiyo. Halafu kama kuna viputo vya upepo ndani, vikipata joto la injini vinatanuka, unabana klachi unaishia kubana upepo, pampu ya chini haisogei vya kutosha.

Kabla hujanunua chochote soma maandishi ya kwenye kifuniko chako tafadhali. Yangu ni DOT 4. Kuna pikipiki, mfano zile BMW R1200GS za mwanzo na baadhi ya KTM, klachi zake zinatumia mafuta ya madini, ukitia DOT 4 humo mipira yote ya ndani inaharibika. Na DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na DOT 4 hata kidogo, usiichukulie kama ndugu wa DOT 5.1 kwa sababu majina yanafanana.

Vifaa ni vya kawaida tu, spana ringi namba 8, chupa tupu, maji mapya, na mpira wa dripu nilionunua duka la dawa, huo ni mzuri kwa sababu unaona kila kitu kinachopita. Spana inatangulia kuvaa kwenye nipo (kile kichuchu cha kutolea upepo kwenye pampu ya chini) ndo mpira unafuata. Mtoto wa dada yangu alikaa kwenye klachi mi nikapiga magoti chini. "Bana." "Nimebana mjomba." Nalegeza nipo robo mzunguko, maji meusi yanatoka, nafunga, "achia". Lazima ufunge kabla hajaachia maana akiachia mapema unavuta upepo kwa chini, na juu kikopo kisikauke, kikikauka mnaanza upya. Tulienda hivyo mpaka mpira wa dripu ukaanza kupitisha maji meupe, viputo vikaisha.

Na klachi bado laini!

Hapa ndo watu wengi wanakata tamaa wanaenda kununua pampu nyingine, na ndo sababu nimeandika hii. Upepo unapanda juu. Ile boliti yenye tundu inayoshika mpira wa klachi kwenye pampu ya juu ndo kilele cha mfumo mzima, na pampu yenyewe ni ndogo, mkupuo mmoja unasukuma maji kidogo sana, kiputo kinashuka kidogo kwenye mpira halafu kinarudi palepale. Unaweza kupampu kwa chini mpaka magharibi. Tukaisimamisha pikipiki wima, nikazungushia kitambaa kwenye ile boliti, kijana akabana, nikailegeza kidogo tu, ikalia tsss ikatoka povu, nikakaza kabla hajaachia. Mara tatu. Baada ya hapo nikawa nachezesha mkono wa klachi sentimita moja tu, taratibu, huku naangalia ndani ya kikopo, kuna kitundu kidogo mno pale chini na viputo vikawa vinachomoza kimoja kimoja, vidogo kama punje za ulezi. Raha niliyopata pale ni kubwa.

Usiku nikaubana mkono wa klachi na kipande cha tyubu nikaufunga kwenye usukani mpaka asubuhi, kifuniko nimekirudishia juu. Alfajiri nafungua, viputo vinne vitano vikatoka, nabana klachi, ngumu, imekaza kuanzia mwanzo.

Tone moja lilidondokea tangi nikalimwagia maji ya kawaida mengi hapohapo, maji ya breki yanakula rangi. Yale meusi usimwage mtaroni, mi nimeyafunga kwenye chupa nampelekea fundi anakoweka oili chafu. Na ukija kuifungua pampu ya chini siku nyingine, mtu asiguse klachi maana pistoni inaruka nje.

Jana mchana nimepita Mwenge tena, taa nyekundu, gia ya 1, klachi nimebana na pikipiki imetulia tuli, nyutro imeingia kwa ncha ya kiatu. Maji ya breki ya mbele nayo nimeona yameanza ukahawia, kijana ameshaniuliza Jumapili tunaanza saa ngapi.