Mibuni ya babu kihambani

Juma lililopita nilipanda hadi Kilema, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, alichokifungua babu mzaa baba, na kwa mara ya kwanza nikaonyeshwa mpaka wa masale aliyoyapanda kwa mikono yake. Babu alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kupanda kahawa chini ya migomba, zao ambalo wamisionari Wakatoliki walilileta mlimani mwishoni mwa karne ya 19, na shangazi anasimulia kwamba majirani walimcheka kwa kuhangaikia mti usioliwa wala kupikiwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Kicheko kilipungua wakulima walipounda umoja wao mwaka 1925, na kikaisha kabisa baada ya chama kikuu cha ushirika, KNCU, kuanzishwa mwaka 1933, kwa kuwa fedha za kahawa hiyo ndizo zilizomsomesha baba. Maji yalitoka kwenye mfongo, yaani mfereji, wa ukoo kwa zamu, na asiyeshiriki kuusafisha hakupewa hata tone. Leo nusu ya kihamba ni miparachichi. Mibuni iliyobaki imezeeka, lakini shangazi hataki hata mmoja ung'olewe. Nimerudi mjini na kilo mbili za buni, na bado natafuta wa kunikobolea.