Mama ameachia kishikio

Jamani, leo nimefurahi.

Gari nililonunua kwa binamu lilikuja limeshushwa karibu na ardhi, na shokapu za mashindano. Linapendeza, sikatai. Ila matuta ya barabara ya Singida mgongo wangu unayajua yote.

Asubuhi nikalipeleka gereji hapa Kisasa, Dodoma. Fundi hakushika spana kwanza, alipima upepo: 40 tairi zote! Kibandiko cha mlango wa dereva kinasema 32. Akapunguza.

Kisha akachungulia chini. Kumbe limeshuka mno hadi shokapu zinalalia zile raba za kuzuia zisigonge mwisho. Springi hazina nafasi ya kucheza, kila shimo linakuja moja kwa moja kwenye kiti. Akalipandisha kidogo, akazungusha na kile kitufe cha juu ya shokapu kuelekea upande wa laini. (Kuna watu wanauza shokapu nzima bila hata kukigusa.)

Mchana nikampeleka mama Bahi.

Mama kwenye gari hili hushika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili, safari nzima, huku anasali.

Tumepita Nala, namtupia jicho kwenye kioo: ameachia.

Anamenya karanga. Maganda yote yako kwenye khanga mapajani, hakuna lililodondoka.

Hakusema kitu. Mimi nacheka peke yangu.

Bado linagonga mbele kulia, nahisi bushi (zile raba za kwenye maungio ya chini). Wenye uzoefu, mlibadili bushi tu, au mliweka rimu ndogo na tairi nene? Nisaidieni hapo chini.