Siku moja maishani mwangu: fundi redio anayetengeneza swichi za watoto

Saa 12:30 asubuhi
Kibao cha kibanda changu hapa Mbagala kinasema redio na sabufa, na hizo ndizo zinazolipa kodi. Ila kabla wateja hawajaamka huwa nashughulikia swichi za watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao vidole vyao haviwezi kubonyeza kitufe kidogo cha mdoli.

Ya leo ni sidii mbili za zamani. Kila moja naibandika bati upande mmoja, katikati naweka sponji ya kuoshea vyombo niliyoitoboa tundu. Mtoto akigandamiza, bati linagusa bati. Akiachia, sponji inaliinua. Wengi hutumia foili ya jikoni. Inafanya kazi, lakini alumini haikamati lehemu, kwa hiyo waya unashikiliwa na seloteipu tu na hauchukui muda kuchomoka. Mimi nakata kopo la maziwa ya unga. Bati lake linakamata lehemu vizuri, mradi ukunje kingo, maana ni kali.

Saa 3
Upande wa mdoli. Siufungui. Nachukua vipande viwili vyembamba vya shaba, katikati karatasi ngumu, kila kipande na waya wake unaokwenda kwenye swichi, halafu nachomeka kati ya betri na springi. Umeme unakatika hapo mpaka swichi ibonyezwe. Kununua mdoli nako kuna ujanja: ule ambao lazima ubonyezwe tumbo ndipo uimbe haufai kwa njia hii. Tafuta wenye kitufe cha kuwasha unachokiacha kimewashwa.

Mpaka saa 7 ni redio tu.

Saa 8 mchana
Nyumbani kwa binti mmoja wa miaka sita. Mkono wa kulia ana nguvu nao, ila ukishakaza ngumi hauachii, na mbwa wa betri angebweka bila kukoma. Asingejua kwamba ni yeye anayemwamuru. Tukajaribu goti, halikutii. Shingo ndiyo aliyoimudu: anageukia kushoto na kurudi anapotaka. Basi swichi tukaifunga kwenye kiti, usawa wa shavu, kwa kipande cha kanga, juu yake nailoni kwa ajili ya udenda.

Kimya. Bibi yake akataka kumsukuma kichwa.

"Bibi, naomba tumwache kwanza."

Binti akageuka. Mbwa akabweka. Akarudi, mbwa akanyamaza. Akatazama mbwa, akatutazama sisi, akageuka tena kwa makusudi kabisa, safari hii anacheka kabla ya mlio.

Mama yake akauliza, "Fundi, huwezi kumfungia na feni ya ukutani?" Hapana. Swichi zangu ni za betri ndogo, volti tatu. Umeme wa ukutani hauchezewi na bati la kopo, hata ungenilipa vipi.

Saa 11 jioni
Mwalimu mmoja ameleta kipanya kibovu cha kompyuta. Kitufe cha kushoto kina miguu ya chuma kwa ndani. Nalehemu waya mbili hapo, natoa tundu la pini pembeni la kuchomekea swichi. Swichi ileile sasa inabofya kompyuta.

Saa 2 usiku
Mama amepiga simu: shingo ya binti ilichoka magharibi. Nakata sponji nyingine, nyembamba, yenye tundu pana zaidi ili mguso mdogo utoshe. Nikizidisha, bati zitagusana zenyewe na mbwa atabweka usiku kucha. Sabufa ya jirani bado imefumuliwa mezani. Kesho atanisema.