Alama za vidole kwenye mkono wa bibi: nilivyomripoti mwenzangu kazini

Watu wengi wa Afrika Mashariki tuliofikia jimbo la Minnesota, Marekani, tulianzia kazi moja: kuwaogesha, kuwavisha na kuwalisha wazee. Kozi ya uuguzi msaidizi ni fupi, sheria ya shirikisho inadai angalau saa 75 tu. Ukifaulu mtihani jina lako linaingia kwenye sajili ya jimbo, na kazi haikawii kupatikana. Pale mjini Brooklyn Park ukisema uko "kwa wazee" hakuna anayekuuliza zaidi. Tukikutana tunaongea habari za saa, za dabo (zamu mbili mfululizo), za overtaimu na za barafu barabarani. Hatuongei habari za siku utakapomvua mzee sweta ukute alama ambazo hujui zimetoka wapi.

Mimi nilikuwa zamu ya jioni, saa tisa mchana hadi saa tano usiku. Bibi ninayemsema alikuwa mwalimu mstaafu, ukoo wake wa wahamiaji wa Norwei, kumbukumbu zimemtoroka karibu zote lakini adabu imebaki. Kitu chochote kikimshtua, maji ya baridi au kijiko kikianguka, alisema "uff da" kama wasemavyo wazee wa huko, kisha akaomba radhi kwa kelele. Ukimwambia tubadilishe nguo, alinyoosha mikono yote miwili juu kama mtoto.

Jioni hiyo hakunyoosha. Alibana kiwiko ubavuni na kutazama mlango. Nilimvua taratibu, nikaanza na mkono wa kulia, na nilipofika wa kushoto nikaona. Upande wa ndani wa mkono, kati ya kwapa na kiwiko, alama nne za damu kuvilia zilizojipanga mstari. Upande wa nje moja peke yake, kubwa kuliko zile. Nilisogeza kiganja changu karibu bila kumgusa. Vidole vinne na gumba vilikaa pale pale.

Swali linalokuja mdomoni ni "Nani amekufanyia hivi?" Hilo halifai. Mtu mwenye maradhi ya kusahau anaweza kukutajia jina lolote ili akuridhishe, na wapelelezi watasema ulimwekea maneno kinywani. Nilimuuliza tu, "Mkono umefanyaje?" Akajibu, "Yule wa asubuhi ana hasira. Mimi naenda polepole mno." Nilimfunika, nikakaa naye kidogo mpaka mabega yakashuka, kisha nikaandika maneno hayo hayo kwenye karatasi, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na saa.

Niseme ukweli kuhusu alama za damu, maana wengine wakiona moja tu wanapiga mbiu na wengine wakiona kumi wanasema ni uzee. Ngozi ya mtu wa miaka 85 ni nyembamba, na wengi wanakunywa dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin. Akigonga tu ukingo wa kitanda, mkono unageuka zambarau. Laura Mosqueda, daktari wa wazee wa California, na wenzake walichapisha mwaka 2005 utafiti ambao waliwafuatilia wazee siku kwa siku kuona michubuko ya bahati mbaya hutokea wapi. Karibu asilimia 90 ilikuwa mikononi na miguuni. Shingoni, masikioni, matakoni na nyayoni hawakuiona kabisa. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba rangi si saa: manjano, ambayo wengi tunaidhani ni ya kidonda cha siku nyingi, inaweza kuonekana ndani ya siku moja. Kwa hiyo nilipoandika sikusema "ni ya juzi" wala "ni mpya". Niliandika rangi niliyoiona, mahali ilipo na ukubwa wake. Kwa mzee mweusi rangi inaweza isionekane vizuri kabisa. Hapo unategemea uvimbe, joto la ngozi, na namna anavyoruka ukimgusa.

Alama za bibi zilikuwa mkononi, kwa hiyo mahali peke yake pasingetosha kunishtua. Kilichonishtua ni umbo. Kwenye kozi tunafundishwa kutomnyanyua mtu kwa mkono hata siku moja. Kuna mkanda mpana unaofungwa kiunoni, unashika mkanda, humshiki mtu. Mkono wa juu ukiwa na gumba upande mmoja na vidole upande wa pili, kuna mtu amevuta. Huenda alivuta kwa haraka, huenda kwa hasira, huenda bibi alikuwa anaanguka akadakwa. Kupambanua hayo hakukuwa kazi yangu, na nashukuru hakukuwa.

Kabla sijatoka pale kwenye kompyuta ya zamu nilitazama kumbukumbu za huduma zake, ambazo nina ruhusa ya kuzisoma. "Alikataa kuoga." "Mkaidi." "Alimpiga mhudumu." Zote asubuhi. Jioni bibi huyu huyu alikuwa ananishukuru kwa kumpa kitambaa. Mzee akiandikwa mkaidi kwenye zamu moja tu, au kwa mtu mmoja tu, mimi siku hizi nasoma maandishi hayo kama habari za mhudumu kwanza.

Na mhudumu wa asubuhi nilimjua. Alikuwa mtu wa kwetu, mkubwa kwangu kwa umri, kanisani tunamwita Mama kwa jina la mwanawe wa kwanza. Gari langu lilipogoma kuwaka kwenye baridi, ndiye aliyekuja na nyaya za kuliwasha. Alikuwa akipiga dabo, saa 16 kwa miguu, kwa sababu karo za watu nyumbani zilikuwa juu yake. Nilijua yote hayo nikiwa nimeshika karatasi. Wazo la kwanza lilikuwa nimpigie simu, nimwonye kwa siri, tuyamalize kama watu wa nyumba moja.

Sikupiga, na sababu si kwamba nina moyo mgumu. Kumwonya mtu ni kumpa nafasi ya kuandaa maelezo, na kesho asubuhi bibi angekuwa mikononi mwake tena. Halafu kuna saa. Sheria ya shirikisho inasema madai ya kumdhulumu mkazi, yaani mzee anayeishi humo, lazima nyumba ya wazee iyaripoti kwa jimbo mara moja, isizidi saa 2. Sheria nyingine ya mwaka 2010, Elder Justice Act, inamgusa kila mfanyakazi mwenyewe: ukishuku uhalifu dhidi ya mkazi unawaarifu polisi na jimbo, ndani ya saa 2 kama ameumia vibaya, ndani ya saa 24 kama sivyo. Ukinyamaza, faini iliyoandikwa ni hadi dola 200,000, na hadi 300,000 kama ukimya wako ulizidisha madhara. Neno lililoko pale ni kushuku. Hakuna anayekudai ushahidi. Wenzetu wengi wanaogopa kuripoti kwa sababu ya karatasi zao za uhamiaji, wakidhani wanaoripoti ndio watakaochunguzwa. Lakini sheria inamkinga anayeripoti kwa nia njema, na faini inamlenga aliyeona akakaa kimya.

Nesi msimamizi wa zamu alikuwa Mmarekani kijana, mwenye huruma, na mwoga. Akasema, "Tumwachie meneja asubuhi." Nikamwambia, "Asubuhi ndiyo yenye shida." Nikamwonyesha bango lililobandikwa karibu na mashine ya kupigia saa za kazi, lenye haki zetu na nambari za jimbo, ni lazima kila nyumba ilibandike, na hatukuwahi kulisoma. Alimpigia mkurugenzi nyumbani. Kisha akamkagua bibi kichwa hadi kidole, akachora alama kwenye mchoro wa mwili na kuzipima kwa rula ya karatasi. Akakuta nyingine, mgongoni karibu na bega.

Mfanyakazi mwingine alitaka nipige picha kwa simu yangu. Hapana. Picha ya mkazi kwenye simu ya mfanyakazi ni kosa la faragha hata ukiwa na nia njema, na inampa mshtakiwa la kushika. Picha zilipigwa kwa kamera ya nyumba, nesi akiwa shahidi. Ile blauzi aliyovaa haikupelekwa kufuliwa. Iliwekwa kwenye mfuko wa karatasi. Mimi niliandika maelezo yangu ukurasa mmoja: nilichoona, alichosema, nilichofanya. Sikuandika jina la mtu yeyote, kwa sababu sikumwona mtu yeyote akifanya kitu. Ratiba ya zamu ina majina, waisome wao.

Usiku ule ule polisi mmoja alikuja, akapiga magoti mbele ya kiti cha bibi ili asimsimamie juu. Binti wa bibi akapigiwa simu. Mama yetu wa kanisani aliambiwa asije kazini mpaka uchunguzi uishe, na huo ndio utaratibu: kumtenganisha na wakazi kwanza, hukumu baadaye. Nyumba ina siku 5 za kazi kupeleka matokeo ya uchunguzi wake kwa jimbo.

Minnesota ina kipengele nilichokuja kukipenda. Ukiripoti ndani ya nyumba, lazima wakupe barua ndani ya siku 2 za kazi ikisema kama wamelifikisha jambo kwenye kituo cha jimbo cha kupokea taarifa za dhuluma kwa watu wazima. Yangu ilikuja ikisema ndiyo. Lakini nilipiga pia mwenyewe kituo hicho, kiko wazi usiku na mchana, kwa sababu barua ni ya nyumba na kumbukumbu nilizitaka ziwe zangu.

Jina la anayeripoti ni siri. Siri hiyo ilidumu kama barafu ya Aprili. Walijua nani alimvisha bibi jioni ile. Ratiba iliyofuata saa zangu zilikuwa zimekatwa karibu nusu, "mabadiliko ya kawaida" walisema. Nilimpigia ombudsman, mtetezi wa wakazi ambaye kila jimbo limelazimika kuwa naye tangu mwaka 1978. Kazi yake ni wazee, si wafanyakazi, lakini alinielekeza kwenye kifungu cha sheria ya jimbo: adhabu yoyote ndani ya siku 90 baada ya kuripoti, pamoja na kupunguziwa malipo, inachukuliwa kuwa ni kisasi mpaka mwajiri athibitishe vingine. Nilimwandikia mkurugenzi barua pepe fupi, nikakitaja kifungu na tarehe, bila tusi. Saa zikarudi.

Kanisani hakukuwa na kifungu. Mwanamke mmoja alinivuta kando baada ya ibada: "Dada, umemkatia mtu riziki. Unajua ana watoto." Nikamwambia namjua, na watoto wake nawajua kwa majina, na yule bibi pia ana mtoto. Hakunijibu. Wapo ambao bado hawanisalimii, na nimeacha kuwashawishi. Uchovu wa dabo ni wa kweli, nimeupiga mwenyewe, na nyumba inayompa mtu mmoja wazee kumi na zaidi asubuhi moja ina sehemu yake ya lawama. Nililisema hilo pia kwa mkaguzi wa jimbo aliponihoji, na nililirudia ili aliandike. Lakini hata aliyechoka amefundishwa la kufanya: mzee akikataa, hakikisha yuko salama, toka, rudi baadaye, au mwite mwenzako.

Jimbo lilichukua miezi. Uamuzi ulithibitisha kwamba bibi alidhulumiwa, na matokeo kama hayo yakiingia kwenye sajili mtu hawezi kuajiriwa tena kama muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee. Sikushangilia. Yule Mama wa kanisani nilimwona dukani baadaye, tukasalimiana kama watu, kila mmoja akaendelea na kikapu chake.

Bibi alibadilishiwa mpango wa huduma: kuoga kukahamishiwa jioni, wahudumu wawili kila anaponyanyuliwa, mkanda kiunoni. Hakugeuka malaika. Siku moja nikimvalisha soksi alinizaba kofi la shavu, kisha akasema "uff da" kana kwamba yeye ndiye aliyepigwa. Nikahakikisha amekaa vizuri, nikaenda kukunja taulo, nikarudi baada ya dakika kumi na soksi ile ile, akanipa mguu.