Bismuthi na hesabu ya mabaki ya tanuru

Tangu Serikali ilipozuia usafirishaji nje wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, Machi 2017, mazungumzo kuhusu mitambo ya kuyeyusha madini hayajakauka hapa Dodoma, na karibu kila mara huishia kwenye dhahabu, shaba na fedha. Mimi huuliza kuhusu bismuthi, metali isiyotajwa sana, na wengi hudhani ninatania.

Sehemu kubwa ya metali hii haichimbwi kwa ajili yake yenyewe, bali hutolewa kwenye mabaki ya uyeyushaji wa madini ya risasi. Katika makinikia ya shaba huhesabiwa kuwa uchafu, na mwenye mgodi hukatwa bei kwa ajili yake, kwa sababu hata kiasi kidogo huifanya shaba ikatike inapovutwa kuwa waya.

Moto peke yake hauitenganishi na risasi. Katika njia ya Betterton na Kroll, kalsiamu na magnesiamu hutiwa katika risasi iliyoyeyuka, kisha risasi hupozwa taratibu hadi karibu na nyuzi 327 za Selsiasi, inapoanza kuganda. Bismuthi hushikamana na metali hizo mbili ikawa fuwele nyepesi kuliko risasi, zikaelea juu kama utando wa maziwa, zikaenguliwa. Njia ya Betts hutumia umeme: risasi huhamia kwenye kathodi (ncha hasi), na bismuthi hubaki katika matope ya anodi (ncha chanya) pamoja na fedha na antimoni.

Utando ulioenguliwa bado una risasi nyingi. Huyeyushwa tena na kupulizwa klorini, ambayo huichukua kalsiamu, magnesiamu na risasi kabla ya kuigusa bismuthi; soda kali huondoa aseniki na teluri, zinki hukusanya fedha, na klorini hurudishwa kuondoa zinki iliyosalia, hadi ipatikane metali yenye usafi wa asilimia 99.99. (Klorini juu ya metali ya moto si kazi ya uani, asijaribu mtu.) Bismuthi hiyo huingia katika dawa za tumbo, na katika aloi (michanganyiko ya metali) zinazoyeyuka kwa joto dogo ndani ya vinyunyizio vya kuzimia moto.

Kwa hiyo ninaona kwamba mkataba wa mtambo wowote wa kuyeyushia utakaojengwa nchini utamke mapema ni nani atapima bismuthi katika makinikia yanayoingia, na utando na matope yatakayotoka yatakuwa mali ya nani.