Biutifuli ya Shangazi: kumbukumbu ya mradi wangu

Januari 6

Leo nimenunua daftari la jalada gumu, kurasa mia mbili, na kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika "Biutifuli ya Shangazi". Huo ndio mradi wenyewe. Karibu kila jioni ya utoto wangu, shangazi yangu alikuwa akikaa barazani kwake hapa Barani, Malindi, na kutusimulia The Bold and the Beautiful, mchezo wa runinga wa Marekani, kwa Kiswahili. Sasa ana miaka sabini na miwili, pumzi zimekuwa fupi, na hakuna aliyewahi kuandika hata neno moja la masimulizi yale. Nataka kuyapata yote ambayo bado anayakumbuka, kwa maneno yake mwenyewe.

Kwa wasioujua mchezo huo: ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 23 Machi 1987. Waliuanzisha mume na mke, William J. Bell na Lee Phillip Bell, ambao tayari walikuwa na The Young and the Restless tangu 1973. Ni nusu saa ya mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, habari za akina Forrester na nyumba yao ya mitindo ya nguo mjini Los Angeles. Haujakoma hadi leo, na vipindi vimeshapita 9,000. Italia waliupokea 1990, wakauita Beautiful tu, na ukawakaa damuni.

Hapo ndipo Malindi inapoingia. Waitaliano wa mwanzo walikuja kwa ajili ya maroketi. Kituo chao cha San Marco kule Ngomeni kilirusha setilaiti mwaka 1967. Baadaye zikaja hoteli, na majumba ya njia ya Casuarina. Shangazi alifanya kazi katika nyumba mojawapo, ya mama mmoja ambaye sote tulimwita Sinyora. Sinyora alihamia Malindi na kila kitu chake isipokuwa Beautiful, kwa hiyo dada yake aliyebaki Italia akawa anamrekodia kwenye kanda za video. Kila mgeni aliyeshuka alikuwa na kanda tatu nne ndani ya sanduku. Shangazi alipiga pasi mbele ya runinga ile kwa miaka. Kiitaliano chake chote, ambacho hadi leo anakisema bila kusita, alikiokota hapo, kati ya shuka na shuka.

Januari 14

Rekodi ya kwanza, dakika hamsini. Nilitegemea nitalazimika kumvuta maneno. Wapi! Nilimuuliza tu, "Shangazi, Bimkubwa alikuwa nani?" akaweka kikombe chini.

Majina kwanza, maana bila majina hakuna kitu. Stephanie Forrester, mama wa nyumba, ndiye Bimkubwa. Ridge, mwanawe wa kwanza, jina lake lilikuwa Taya, na yeyote aliyewahi kumuona Ronn Moss, aliyemcheza, usoni hahitaji maelezo. Brooke alikuwa Binti Logan, kwa sababu Shangazi alitaka tukumbuke ametoka nyumba gani kila anapoingia nyumba ya watu. Sally Spectra, yule mshindani wa akina Forrester aliyekuwa akiiga mishono yao, alikuwa Bi Hina kwa ajili ya nywele zake nyekundu. Nimemwambia Shangazi kwamba Darlene Conley, aliyemcheza, alifariki Januari 2007. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mungu amsitiri. Alikuwa mcheshi yule."

Na nguo. Mimi ni fundi cherehani, na leo ndipo nilipojua nilianzia wapi. Shangazi hakuwahi kutuambia mtu "amevaa gauni zuri". Alipima kwa vitu tulivyovijua: satini kama ile ya bibi harusi wa mtaa wa pili, mkia wake ukitandazwa unafunika leso tatu mshono kwa mshono, mgongo wazi hadi pale mkono wako usipofika ukijikuna. Nikiwa na miaka tisa nilichora gauni hilo kwa makaa ukutani, nikapigwa. Leo nimelichora tena daftarini, kwa vipimo vyake vilevile, na najua naweza kulikata.

Januari 27

Kanda. Sinyora aliporudi kwao moja kwa moja mwaka 2006, alimwachia Shangazi kanda tano. Zimekaa chini ya kitanda ndani ya mfuko wa nailoni, na hewa ya chumvi ya Malindi imezifanyia kazi yake. Nne zimeota ukungu mweupe hata kuziangalia kunatia huruma. Deki ya video nimeazima kwa fundi mmoja wa redio; tumeisafisha kwa spiriti mara mbili.

Kanda ya tano imeonyesha picha kwa dakika kumi na moja, kisha ikakatika. Dakika kumi na moja! Bimkubwa anazungumza Kiitaliano kwa sauti nzito, Eric Forrester amesimama dirishani, picha inaruka. Halafu mchezo ukasimama, likaja tangazo la sabuni ya kufulia, na Shangazi akaliimba hadi mwisho pamoja na yule mwimbaji.

Michezo hii Marekani huitwa ya sabuni kwa sababu hiyo hasa. Miaka ya 1930, kabla ya runinga, watengenezaji wa sabuni walilipia hadithi za mfululizo redioni, za mchana, wakijua anayesikiliza ni mwanamke aliye katikati ya kazi za nyumba. Nilipomweleza Shangazi hakushangaa hata kidogo. "Basi walinijua," akasema. Mikono yake bado ina alama ya pasi, pale juu ya kifundo.

Februari 3

Nimekwama, nikakwamuka, na nadhani hii ndiyo kazi kubwa ya mwezi mzima.

Nilianza kulinganisha masimulizi ya Shangazi na mchezo wenyewe. Kwake yeye, Binti Logan kwanza aliolewa na Eric, *ami* yake Taya, kisha baada ya talaka akaolewa na Taya. Ndivyo nilivyokua nikijua. Lakini mchezoni Eric si ami. Eric ni baba. Brooke aliolewa na baba, akazaa naye watoto wawili, Rick na Bridget, kisha mwaka 1994 akaolewa na mwana.

Nilimpelekea swali hilo kwa woga, nikidhani labda Kiitaliano kilimpita. Akaniangalia.

"Nilisikia vizuri. Mtoto hamuoi mke wa babake, hilo hata kuuliza msikitini halihitaji. Nyinyi mmekaa hapo mkekani, mkubwa wenu ana miaka kumi na miwili, nyanya yenu yuko mlangoni na tasbihi. Niseme nini? Nikamfanya ami."

"Na wanawake waliokuwa wakitazama runinga ya huku, kwa Kiingereza? Wao waliona ni baba."

"Waliona. Hakuna aliyenisahihisha mbele ya watoto."

Basi kuna baraza zima la watu wazima lililokubaliana kimya kimya kutulinda na jambo moja, kwa miaka, na sisi hatukujua. Nimelifikiria hilo usiku kucha.

Kisha nikaendelea kusoma, nikafika 2001. Mwaka huo mchezo wenyewe ulifichua kwamba Eric hakuwa baba wa damu wa Ridge. Baba yake ni Massimo Marone, mpenzi wa zamani wa Stephanie. Nilimpigia Shangazi simu papo hapo. Akasema, "Mimi nilimtoa Eric ubaba kabla yao." Nilisikia furaha kwenye sauti yake kama msichana.

Uamuzi: sitasahihisha. Ukurasa wa kulia ni wa masimulizi kama alivyoyasema, Eric ami na yote. Ukurasa wa kushoto ni wa baraza: nani alikuwepo, nani alisema nini, kilichobadilishwa na kwa nini.

Februari 19

Ukurasa wa kushoto umeshaanza kujaa kuliko wa kulia.

Jana tulirekodi habari za Taylor, yule daktari aliyeolewa na Ridge mwaka 1992. Taylor anasafiri, ndege inaanguka, wanamlilia, na Ridge anamuoa Brooke. Kumbe Taylor yu hai. Yuko Morocco, katika kasri la Mwanamfalme Omar, ambaye amempa jina la Laila na anataka kumuoa. Omar alichezwa na Kabir Bedi, na hapo baraza lote lilipiga kelele, kwa maana Kabir Bedi walimjua tangu zamani kwa filamu za Kihindi. Mtu wao, ndani ya Biutifuli! Kisha Ridge na Brooke wanakwenda fungate Morocco, wanakaribishwa kasrini humo humo, na Ridge anakaa mbele ya mkewe aliyejifunika uso, asimtambue.

Hilo lilizua mzozo wa wiki nzima. Wanawake wote wale wamevaa buibui tangu usichana. Mmoja akasema hakuna mume asiyemjua mkewe ndani ya buibui: mwendo, vidole, namna anavyoshika kikombe. Mwingine akasema mume hujua akitaka kujua. Shangazi ameyasema yote mawili kwa sauti za wenyewe, na wote wawili wamekwisha tangulia mbele ya haki. Nilikuwa nikisikia sauti zao kwenye simu yangu.

Lakini jambo lenyewe ni hili. Kanda za Sinyora zilikuwa mbele ya runinga ya huku kwa miezi. Wakati Barani nzima inamlilia Taylor, Shangazi alikwisha kumuona Morocco akiwa hai. Na hakusema. Yeye, ambaye kila mara alitutangulizia habari hadi akina mama wengine wakaziba masikio, safari hii alifunga mdomo majuma kadhaa. Nilimuuliza kwa nini.

Palikuwa na jirani ambaye mumewe alikuwa baharia. Aliondoka na meli, na kufikia wakati huo ilikuwa miaka minne bila barua wala salamu. Alikuwa akija kila jioni, anakaa kwenye nguzo ya mwisho, anasuka ukili.

"Nilimuona analia," Shangazi akasema, "na yale hayakuwa machozi ya Taylor. Nikajiambia, nikisema yu hai, huyu atakwenda kulala na neno hilo. Nitakuwa nimempa nini?"

Runinga ya huku ilipofika Morocco, uso wa Taylor ukatokea, nyumba nzima ikashangilia. Yule jirani akakunja ukili wake, akatoka. Shangazi akamfuata uani.

"Akaniuliza, 'Na wewe ulijua?' Nikamwambia nilijua. Akanyamaza. Halafu akasema, 'Basi na mwisho wake unaujua. Usiniambie.'"

Mumewe hakurudi. Alisema hivyo tu, akaomba chai.

Sikuandika chochote jioni hiyo. Nimeandika leo asubuhi, ukurasa wa kushoto, bila jina la jirani, kama alivyotaka Shangazi.

Machi 2

Rekodi tatu zimepotea, simu ilijaa na nikafuta faili zisizo zenyewe. Moja ilikuwa ya Sheila Carter, yule muuguzi mbaya aliyehamia mchezo huu mwaka 1992 kutoka The Young and the Restless. Nimelia kidogo. Sasa kila rekodi nainakili mahali pawili siku ile ile. Hesabu hadi leo: masimulizi thelathini na manne, ishirini na sita yameshaandikwa kwa wino. Gauni la mkia wa leso tatu nimekata kielelezo cha karatasi.

Machi 23

Sikuipanga tarehe hii, nimeitambua njiani nikiwa na mahamri mkononi: leo ndiyo siku mchezo ulipoanza.

Shangazi aliacha kutazama Sinyora alipoondoka. Kwake, hadithi imesimama 2006. Bimkubwa bado anatawala, Binti Logan bado yuko mlangoni, na yale makofi ya mashavuni hayajaisha. Wiki mbili hizi nimekuwa nikijiuliza kama nimwambie yaliyofuata. Nilimkumbuka yule jirani wa ukili. Mwishowe nikamuuliza mwenyewe: "Shangazi, unataka kujua Bimkubwa alimalizikiaje?"

Alifikiri. Wajukuu walikuwa wanagombania mahamri. "Niambie," akasema.

Kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mimi ndiye niliyekaa juu ya baraza na yeye akawa chini mkekani. Nilimwambia kwamba Susan Flannery alimcheza Bimkubwa tangu siku ya kwanza hadi 2012, miaka ishirini na mitano. Kwamba Bimkubwa aliugua saratani ya mapafu. Kwamba mwisho ulipokaribia, Novemba mwaka huo, aliyekuwa naye hakuwa Eric, wala Taya.

"Alikuwa nani?"

"Brooke. Alimfia mikononi."

"Binti Logan?"

"Binti Logan."

Alivuta ncha ya leso, akajifuta jicho moja, kisha la pili. Mjukuu mdogo akamuuliza nani amekufa. Hakumjibu. Aliangalia njia, pale wanapopita watoto wa madrasa, kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kujuta.

Kisha akapandisha miguu mkekani, akakaa sawa.

"Wewe huliwezi hili. Umelisema kama taarifa ya habari. Washa hiyo simu."

Nikawasha.

"Paukwa!" akasema.

"Pakawa!" wajukuu wakaitikia.